Chini ya Kitambaa Cheusi

Katika mambo ya mapenzi mimi sidanganyiki. Nikimtazama mtu machoni mara moja tu, nakwambia anampenda nani, anamkimbia nani, na jana alikula kwa nani. Kweli, mume wangu wa kwanza nilimtazama hivyo hivyo nikasema huyu ni mpole kama maji ya mtungini, na wa pili nikasema angalau huyu hanywi. Basi tuyaache macho yangu. Tumfuate Mpigapicha, maana yeye siku ile alikuwa anakwenda kusoma macho ya mtu, na kutazama ndiyo kazi aliyojifunza.

Alipanda kilima na mzigo wa punda, na hakuwa hata na punda wa kumlaumu. Begani amebeba miguu mitatu ya mbao iliyofungwa kwa kamba. Mgongoni amebeba kamera, nayo si hizi za kutia mfukoni. Ni ile kubwa ya zamani, sanduku la mbao lenye mvukuto kama wa mhunzi, aliyoinunua kwa mzee mmoja wa studio aliyekuwa anafunga duka aende kuishi kwa binti yake. Mkononi ana mfuko wenye nguo za kubadili na nusu mkate. Kamera ile ilikuwa nzito kama mtoto anayekataa kwenda shule, lakini picha yake moja ilitoa kila jiwe, kila ufa, na kila bua la nyasi lililoota kwenye ufa.

Kazi yake ilikuwa kuzunguka vijijini, peke yake, akipiga picha makanisa ya zamani kabla hayajaanguka. Alianza kwa kuagizwa na watu wa ofisi ya kanisa waliotaka picha za kutundika ukutani. Baadaye watu wa ofisi walisahau, yeye hakusahau. Alikuta kanisa lililogeuka ghala la mbolea. Alikuta lingine limebaki ukuta wa kengele tu, na mbuzi wamelala palipokuwa na madhabahu, wametulia kuliko waumini wengi ninaowajua. Kuna moja hakuingia kabisa: mwenye ufunguo alikuwa amekufa akazikwa na suruali yake, na ufunguo ulikuwa mfukoni, wala hakuna aliyekuwa tayari kwenda kuuomba.

Kwenye nyumba za wageni waliuliza jambo lile lile. Mume yuko wapi? Yeye hujibu kwamba mume anakuja nyuma na mzigo mwingine. Wanacheka, wanampa ufunguo, naye akiingia chumbani huvuta meza akaiegemeza mlangoni ndipo alale. Watu hudhani mwanamke anayesafiri peke yake ni mtu asiye na woga. Woga anao tele, ila hana wa kumbebea.

Kanisa hili la kilimani alikuwa ameliacha la mwisho. Mtoto huacha kipande cha nyama pembeni ya sahani kwa sababu ya utamu. Yeye aliliacha kwa sababu ya uchungu. Hapa ndipo walipokuwa wafunge ndoa, yeye na Fundi.

Walijuana hapa hapa. Alikuja zamani na kamera ndogo, akamkuta kijana juu ya ngazi anaziba ufa wa mnara kwa chokaa, na kijana akamwambia bila kugeuka asogee kidogo, kivuli chake kinamnyima mwanga. Alisogea. Kivuli kikabaki. Posa ilipelekwa, ikapokelewa, wazee wakapeana mikono. Mama yake Fundi peke yake ndiye aliyekunja uso, akampachika jina Kiguu-na-Njia, na Fundi akalichukua lile jina la matusi akalifanya la mahaba, kama mtu anayeokota msumari uliokunjwa akaunyoosha.

Halafu, mwaka juzi, Mpigapicha akiwa ametoka tu safarini, shangazi yake Fundi alifika nyumbani kwao. Alikunywa chai, akaongezewa, akanywa tena, ndipo akasema alichotumwa: Fundi amesema usimngoje. Sababu hakupewa. Simu ya Fundi iliita bila kupokelewa, kisha ikawa haiiti kabisa.

Sasa kulikuwa na mwenye duka la vyuma. Mtu mzuri, mjane, ana meno yake yote, ana watoto wawili wenye adabu. Jamaa zake walikuwa waje Jumamosi kuchukua jibu. Mama yake Mpigapicha alimwambia jikoni, akiosha sufuria ambayo tayari ilikuwa safi, kwamba picha haitamkanda mtu mgongo uzeeni. Mpigapicha akaomba aende kwanza kanisa la mwisho. Akinikana kwa mdomo wake mwenyewe, alisema, narudi naitikia. Mama akakubali upesi. Mwanamume aliyemtuma shangazi, alijua mama yule, jibu lake halibadiliki kwa kupandiwa kilima.

Ndiyo hali aliyofika nayo.

Chini, kando ya barabara, lilikuwa kanisa jipya la mabati, linang'aa hadi linaumiza. Kule juu la zamani lilisimama kimya, paa limeingia ndani upande mmoja, na ukutani wahandisi wamechora alama nyekundu ya rangi, ile ya kusema hiki kinavunjwa. Wiki ijayo tu, walimwambia watu wa njiani. Hakuna aliyelia. Kanisa likizeeka huwa kama bibi wa nyumba: wote wanakiri kwamba aliwalea, na wote wanasubiri chumba.

Mama yake Fundi alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni pa kanisa, anashona kifungo cha shati. Alipomwona mgeni anatokea hakuinuka. Aligeuza uso ndani akasema kwa sauti ya kusikika hadi madhabahuni, "Mwanangu, una mgeni. Ni yule Kiguu-na-Njia. Amekuja na kamera, amesimama mlangoni kushoto kwangu."

Alisema vile watu wanavyotangaza kwamba mbuzi ameingia shambani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti." Macho ya mama yakapanda yakatua kichwani kwa Mpigapicha, ambaye nywele zake ndefu zilizokuwa sifa ya ukoo mzima alikuwa amezinyoa zote, siku ile ile shangazi alipoondoka, na tangu hapo hakuziacha ziote. Mama alitazama, midomo ikafunguka, ikafungika. Akakata uzi kwa meno. "Piga picha zako, mwanangu, uwahi gari la mchana. Kuna joto."

Ndani kulikuwa na baridi ya makaburi. Mwanga uliingia kwa pale paa lilipoanguka, ukamwangukia Fundi kichwani kama uliowekwa kwa ajili yake. Alikuwa amekaa chini katikati ya mawe ya ukuta ulioporomoka, nyundo mkono mmoja, patasi mwingine, anabandua chokaa kuukuu kwenye jiwe ili litumike tena kwenye msingi wa choo cha kanisa jipya. Ndiyo, choo. Mawe yaliyobebwa na babu zao kutoka mtoni, kichwani, wakiimba. Anabandua, anapitisha kidole gumba juu ya jiwe, anabandua tena, hadi kidole kiseme basi. Upande wa kulia mawe machafu, upande wa kushoto safi, yamepangwa sawasawa kama vitabu.

"Umefika," alisema kabla hajainua kichwa. "Na umepita njia ya makaburini. Ya mbele ina kokoto, ningekusikia mapema."

Moyo wa Mpigapicha, mpumbavu yule, ukaruka. Anaijua miguu yangu bado. Akasubiri ainue macho.

Akayainua. Yalikuwa macho yale yale, meusi, makubwa, yenye kope ndefu ambazo mwanamume amepewa za nini sijui. Lakini hayakutua. Yalimpita juu ya bega yakaenda mlangoni kwa mama, yakakaa huko. Hakusema neno juu ya kichwa kilichonyolewa. Mwenye nyumba ya wageni alikuwa ameuliza kama amefiwa. Mtoto njiani alimwamkia kaka. Mtu aliyewahi kuzifungua nywele zile kwa vidole vyake, akisema zina harufu ya mvua, hakuona kama kuna kilichopungua.

Mpigapicha akasema amekuja kwa ajili ya kanisa. Uongo, lakini una adabu. Fundi akainuka, akajipangusa vumbi, akasema basi amtembeze kabla halijavunjwa.

Alimtembeza vizuri ajabu. Alitangulia, mkono wake umelala ukutani, unatambaa juu ya mawe kama wa mtu anayempapasa ng'ombe wake siku ya kumpeleka machinjioni. Alimwambia hapa pana shimo, apite kushoto. Hapa babu yake aliweka jiwe kinyume kwa sababu alikuwa amegombana na mkewe asubuhi, na baba yake aliliacha vile vile, naye pia. Hapa ni pale alipokuwa ameziba ufa siku ile ya kivuli. Alilisema hili la mwisho kwa sauti bapa, kama anasoma tangazo, na uso ameuelekeza kwenye ukuta. Mpigapicha alitembea nyuma yake akitazama mgongo. Mgongo ulikuwa umekonda.

Mama akaingia na chai. Kikombe cha Mpigapicha alikiweka juu ya jiwe. Cha Fundi alikipeleka hadi mkononi, akamkunjia vidole kwenye kishikio, kimoja kimoja. Mpigapicha akaona na akacheka kwa uchungu moyoni. Mwanamume mwenye ndevu, bado anashikishwa kikombe. Hawa ndio wanaotuma mashangazi.

Fundi alipokwenda kuweka nyundo zake, mama alimsogelea mgeni. Hakupandisha sauti. Alisema yale yale aliyoyasema siku za posa, kwamba mwanamke anayelala kitanda cha kukodi kila wiki, kitanda chake atakitandika lini. Kisha akaongeza ambayo hakuwahi kuyasema.

"Mimi sikukatai kwa ubaya, binti yangu. Mwanangu anataka mtu wa kukaa. Akiita, aitikiwe. Wewe ungemwitikia ukiwa wapi? Mimi mwenyewe kifua hiki hakiniachi usiku. Nikifa, nani atakuwa karibu?"

"Mama, ana miaka thelathini na sita."

"Najua ana miaka mingapi. Nilikuwepo."

Na yule mama, mkali kama pilipili ya mbegu, akatazama pembeni na kope zikamcheza. Mpigapicha aliliona hilo pia. Aliliona, akaliweka kwenye kapu la hila za wakwe, akalifunika. Huo ndio ubaya wa kutazama kwa hasira: unaona kila kitu na hujui umeona nini.

Fundi akarudi, akasimama penye nguzo, na mama akarejea kwenye kigoda chake mlangoni. Mpigapicha akaona kwamba akinyamaza sasa atanyamaza hadi Jumamosi, na Jumamosi atasema ndiyo kwa mtu wa vyuma, na hiyo ndiyo itakuwa habari yake yote duniani.

"Sikuja kwa ajili ya kanisa," alisema.

"Najua."

"Nimekuja uniambie wewe. Shangazi alikunywa chai yetu akasema maneno yako. Mimi sijayasikia kwako."

"Maneno ni yale yale."

"Basi yaseme."

Fundi aliegemea nguzo. Nje, mahali fulani, mtu alikuwa anapigilia bati. "Usinisubiri," alisema. "Ndiyo hayo."

"Kwa nini?"

"Lazima iwe na kwa nini? Mtu anapenda, kisha anachoka. Hata ukuta unachoka, tena wa mawe."

"Kuna mwingine?"

Mama, pale mlangoni, sindano ikasimama hewani. Fundi akasema hapana, kisha kana kwamba amekumbuka kitu, akasema ndiyo, yupo, wa huku huku, asiyesafiri. Mpigapicha akauliza jina lake. Fundi akasema jina si kazi yake. Akauliza kama ni mzuri. Fundi akasema anatosha.

"Mimi nina mtu anayenitaka," Mpigapicha alisema. Sauti ilianza kumsaliti. "Wanakuja Jumamosi. Nimewaambia nyumbani kwamba ukinikana wewe, naitikia. Unaelewa? Sikubembelezi. Nakuuliza mara moja tu, nikiondoka sirudi tena."

"Ni mtu mwema?"

"Ana duka la vyuma."

"Sikuuliza duka."

"Ni mwema."

"Basi nenda kwenu," Fundi alisema. "Nenda, ukasuke nywele zako, uolewe. Wewe ni wa kuolewa na mtu mwenye nyumba imara."

Ukasuke nywele zako. Mpigapicha alishika kichwa chake kitupu kwa viganja vyote viwili. Alikuwa amejiandaa kwa mengi njiani, kwa matusi, kwa mke mwenye mimba, hata kwa kaburi. Hakujiandaa kwa dhihaka. Mama akakohoa mlangoni, kikohozi kirefu kisicho na makohozi, na Fundi akageuza sikio upande ule kama anayeuliza, lakini maneno yalikwisha kutoka, na neno halina mkia wa kulivutia.

"Nitazame," Mpigapicha alisema. "Nitazame usoni useme hunipendi, nikufungie mlango."

Akageuka. Alisogea hatua moja akawa karibu, karibu kiasi kwamba harufu yake ilimfikia, chokaa na sabuni ya kufulia na jasho safi. Fundi alielekeza macho yake usoni kwake. Yakatua juu kidogo ya nyusi, pale ambapo watu hutazama wanapoongea na mtoto au na karani. Hayakupepesa.

"Sikupendi," alisema.

Mimi nimeona watu wakipigwa. Nimeona na mmoja akipigwa na radi, akaishi, akawa msumbufu kuliko mwanzo. Sijaona mtu aliyesimama kimya kama Mpigapicha alivyosimama. Kisha akasema ahsante. Akasema ahsante, jamani, kwa sauti ya mtu aliyepokea chenji yake, akachukua kikombe chake ambacho hakukinywa, akakirudisha mkononi mwa mama, akatoka nje.

Jua lilikuwa limefika ubavuni mwa mnara. Kazi ni kazi. Hata msibani kuna anayechota maji. Alisimamisha miguu mitatu kwenye nyasi mbele ya kanisa, akakaza skrubu, akapandisha sanduku, akavuta mvukuto. Akafungua lenzi. Kisha akajitupia kitambaa cheusi kichwani, kama wafanyavyo wenye kamera hizo ili waone taswira inavyojichora kwenye kioo cha nyuma, wakipanga kabla ya kutia filamu. Kitambaa kilikuwa kizito, kirefu hadi kiunoni. Na chini ya kitambaa kile ndipo mahali pekee ambapo mwanamke anayesafiri peke yake anaweza kulia bila kuulizwa na mtu ana nini.

Alilia akiwa anapanga picha. Alisogeza kamera, akalia, akakaza, akalia. Alihakikisha alama nyekundu ya kubomoa inaonekana, maana hakutaka picha ya uongo. Kisha akajifuta kwa ncha ya kitambaa, akatoa kichwa.

Fundi alikuwa amesimama mlangoni pa kanisa, mkono kwenye mwimo, uso juu kidogo, anasikiliza. Mama amemshika kiwiko.

Sijui ni nini kilichomwingia Mpigapicha. Pengine ni ubaya, pengine ni wema. Kwa mtu aliyeachwa vitu hivyo viwili hulala kitanda kimoja. Aliwaza: amekataa kunitazama mimi, na alitazame kanisa. Ukoo wao ndio uliolijenga, yeye ndiye fundi wake wa mwisho, wiki ijayo halipo. Nikiondoka na picha hii bila yeye kuiona, nitakuwa nimeiba.

"Fundi," aliita. "Njoo ulione kwenye kioo kabla sijalipiga."

"Mwache," mama alisema haraka. "Ana kazi. Na wewe gari litakuacha."

"Dakika moja, mama. Babu yake alibeba mawe haya."

"Analijua kanisa. Halihitaji kioo."

Kiburi cha wanaume, hata kile cha kutoa sadaka, hakijui kupumzika kinaposhinda. Fundi akauondoa mkono wa mama taratibu. "Nakuja," alisema.

Alikuja kwa kunyooka, akielekea sauti yake. Mpigapicha, kwa kuhofia miguu ya kamera isipigwe teke, akaenda akamshika mkono kumleta. Hilo hakulipanga. Vidole vya Fundi vilijifunga vyenyewe kwenye vya Mpigapicha, kwa nguvu, kama vya mtu anayevushwa mto, kisha vikakumbuka kwamba havimpendi, vikalegea. Akamwinamisha nyuma ya sanduku. Akamfunika kichwa na mabega kwa kitambaa, akakivuta pembeni mwanga usiingie, akabaki amekishikilia, uso wake karibu kabisa na mgongo ule uliokonda. Kitambaa kilikuwa bado na unyevu wa machozi yake. Alifikiri: analigusa shavu langu na hajui.

Fundi alikaa humo muda mrefu.

"Unaliona?" Mpigapicha aliuliza.

"Naliona."

"Likoje?"

Alivuta pumzi chini ya kitambaa. Aliposema, sauti ile bapa ya mchana kutwa ilikuwa imemtoka. Ilikuwa sauti ya zamani, ya juu ya ngazi.

"Zuri," alisema. "Limekaa vizuri mno. Mnara umenyooka, babu angefurahi. Msalaba uko juu kabisa, na mawingu juu yake. Milango hii hapa chini, na zile ngazi zinaanzia kwenye nyasi. Hata ule ufa wangu nauona. Umelipata, Kiguu-na-Njia. Umelipata lote."

Kitambaa kilitulia mkononi mwa Mpigapicha.

Kioo cha kamera ile hakijawahi kumwonyesha mtu kanisa lililosimama. Ndivyo zilivyo kamera za mbao: lenzi inapindua kila kitu kabla ya kukileta nyuma, na kwenye kioo dunia nzima inakuja kichwa chini miguu juu. Mnara ulikuwa unaning'inia kama popo. Ngazi zilikuwa juu, nyasi zikiota kutoka darini, na mawingu yamelala chini kama maji ya bwawa. Wenye kamera huzoea, hawaoni tena ajabu. Lakini mgeni hazoei. Mwaka mzima, kila aliyeingiza kichwa chini ya kitambaa kile alitoka na neno. Mchungaji mmoja aliuliza kama imeharibika. Mama mmoja wa kwaya alipiga goti akadhani ni mwisho wa dunia. Kuna mzee aliyezunguka akaenda kulitazama kanisa lenyewe, kuhakikisha. Hakuna aliyenyamaza. Wala hakuna aliyesema mnara umenyooka na msalaba uko juu.

Mpigapicha aliinua macho akamtafuta mama. Mama alikuwa ameketi tena kwenye kigoda, shati la mwanawe limekumbatiwa kifuani, sindano inaning'inia kwa uzi. Hakuwa na hasira hata chembe usoni. Alikuwa anatikisa kichwa polepole, anamwomba asiulize.

"Msalaba uko juu?" Mpigapicha aliuliza.

"Juu," Fundi alisema, akacheka kidogo. "Ungekuwa wapi?"

Hakujibiwa. Upepo ulikikamata kitambaa ukakiachia. Chini yake mabega yalianza kukaza, kwanza moja, kisha lingine, na mkono wa Fundi ukatoka nje ukapapasa hewani kutafuta ukingo wa sanduku, ukaukosa, ukapapasa tena.

"Mbona umenyamaza?" alisema. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo Mpigapicha hakuwahi kuisikia kwake, akauliza, "Nimekosea wapi?"